Kaburi Lililoandikwa Kichuguu

Maneno hayo niliyasikia sokoni Nyasubi, siku ya Jumamosi, dumu langu la samli likiwa bado kichwani. Zuwena, anayeuza vitenge meza ya pili kutoka ninapokaa, aliniita kwa mkono. Nilipomkaribia akainamisha kichwa.

"Mama Zipora, nikuulize kitu, usinune."

"Uliza."

"Ni kweli binti yako amepeleka majina ya Wataturu Ulaya, waandikwe kwamba wao siyo Watanzania?"

Nikacheka. "Nani kakwambia?"

"Watu. Wanasema kila jina lililoko kwenye ile orodha linafutwa. Kitambulisho cha taifa kinafutwa, laini ya simu inafungwa, ukifika hospitali unaambiwa wewe mgeni, kalete pasipoti. Na huyo aliyepeleka majina, akishuka tu kwenye ndege anapokelewa na askari." Akanishika kiganja. "Mimi sisemi ni kweli. Nakwambia kwa sababu na mimi ni mzazi."

Nilimshukuru, nikaenda kukaa. Siku ile nilimpimia mteja samli mara mbili bila kujua, yeye mwenyewe ndiye aliyenishtua. Kila aliyenisalimia nilimtazama usoni kuona kama naye amesikia. Nikajiambia ni umbea wa mjini. Lakini kila nilipojiambia hivyo, sauti nyingine ilijibu: na kama siyo umbea?

Nawaandikia akina mama wenzangu, hasa wenye watoto wanaosimama kusema mbele za watu. Hofu ile ilinifanya nifanye jambo baya kuliko lolote ambalo adui wa mwanangu angeweza kulifanya, na sikulazimishwa na mtu.

Nyumba yetu iko Ihalanyonga, chini ya mlima mdogo. Sisi ni Wataturu, watu wa ng'ombe. Majirani zetu wengi ni Wasukuma na tunaelewana nao, tukitukanana ni kwa utani. Baba Zipora yuko Katavi na mifugo tangu ukame ulipozidi, na huko aliko simu inashika siku moja kati ya kumi. Nyumbani nilibaki mimi na mama mmoja mzee aliyeolewa humu kama mimi, asiyeona vizuri.

Juu ya mlima ule yupo baba mkwe wangu. Kwetu mzee wa heshima hazikwi kama watu wengine. Ukoo unakaa na kukubaliana, kisha kaburi lake linajengwa kwa miti, udongo na samadi, linainuliwa kidogo kidogo kwa miezi tisa mpaka linampita mtu kimo. Linaitwa bung'eda. Halina msalaba, halina saruji, halina maandishi. Siku ya kulimaliza watu walikuja kutoka Meatu, Igunga na Hanang, na mimi nilikuwepo, nina mwaka mmoja tangu niolewe, nikibeba maji. Zipora alikuwa tumboni. Baada ya siku hiyo kaburi linaachiwa mvua na majani, halisogezwi tena. Kulisogeza ni kumtoa mzee kwenye kiti chake.

Mwaka juzi kampuni ya dhahabu ilipata leseni ya upande ule. Wakaja wapima, vijana wa mjini wenye fulana za rangi ya chungwa, wakawa wanapita kaya kwa kaya kuandika kila kilichopo: nyumba, miti, choo, kaburi. Mmoja akapanda nami mlimani. Akalizunguka bung'eda, akaligonga kwa kiatu.

"Hiki nini, mama?"

"Kaburi."

"La nani?"

Nikanyamaza.

Mwanamke wa Kitaturu akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hataji akiwa hai, hataji akifa. Siyo woga, ni heshima, na mwanamke anayevunja heshima hiyo akina mama wenzake wanakaa kumhukumu. Jina lile halijawahi kupita mdomoni mwangu, na hata hapa siliandiki. Siku ya kawaida ningeita mwanaume wa nyumba alitaje. Siku ile mwanaume hakuwepo.

"La mzee," nikasema. "Mzee wa hapa."

"Mzee nani? Alizaliwa lini?"

Nikatazama chini. Yule kijana akacheka, siyo kwa ubaya. "Mama, kaburi la mtu unalijua halafu mtu mwenyewe humjui?" Akaandika kitu kwenye kishikwambi chake, tukashuka. Nilidhani ameandika kaburi. Miezi minne baadaye orodha ilipobandikwa ofisi ya kijiji, kwenye kaya yetu palisomeka: nyumba mbili, zizi moja, miti ya miiba kumi na mitatu, kichuguu kikubwa kimoja.

Zipora ndiye aliyeisoma kwa sauti. Mwanangu amesoma, ni msaidizi wa kisheria, anafanya kazi na chama cha wafugaji Shinyanga mjini. Aliisoma mara ya kwanza, akairudia, kisha akakaa kwenye ngazi za ofisi.

"Wamemwandika babu kichuguu," akasema.

Hapo ndipo safari yake ilipoanzia. Alipeleka barua wilayani, barua mkoani, barua kwa kampuni. Majibu yalikuwa yale yale, kwamba fidia imekadiriwa kitaalamu na mlima utatumika kumwagia kifusi cha mgodi. Mwisho chama chao kikaandaa ripoti ya kupelekwa Geneva, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili. Mwezi wa tano alikuja nyumbani kuchukua ushahidi. Nilikuwa nachuja maziwa, yeye amekaa kwenye kigoda ananiandika.

"Hii habari ya watu wa asili," nikamwuliza, "maana yake sisi tulifika kwanza, hawa wengine wageni?"

"Hapana, mama. Hatumfukuzi mtu. Ni kwamba wapo watu duniani ambao ardhi yao, mifugo yao na makaburi yao hayaandikwi popote, kwa hiyo wakubwa wakija kupima wanaona pori tupu. Umoja wa Mataifa una tamko. Linasema watu hao wasiondolewe mahali pao mpaka wakubali wenyewe, wakiwa wameelezwa kila kitu na hawajatishwa. Nchi yetu ililipigia kura ya ndiyo. Lakini tukirudi hapa nyumbani tunaambiwa Watanzania wote ni wa asili, basi hakuna wa kutambuliwa."

"Na huko wakitutambua tunapata nini?"

Akafikiri kidogo. "Tunapata kuulizwa."

Nikampa ushahidi wangu. Nilieleza miezi tisa yote, nani alileta miti, nani alichinja, wageni walilala wapi. Jina akalijaza yeye, maana mjukuu anaruhusiwa. Wazee wawili walioko Katavi walikuwa wameshaweka dole gumba. Mimi ndiye shahidi pekee ninayeishi chini ya mlima ule. Nikaweka sahihi. Mwezi wa saba akapanda ndege, mara yake ya kwanza. Na Jumamosi ile ile ya juma alilosafiri ndipo Zuwena akaniambia aliyoniambia.

Kuanzia hapo nilimpigia Zipora mara nyingi, sikumpata. Sikujua kwamba laini yake haifanyi kazi kule mpaka atafute mtandao wa hoteli. Mimi nilijua moja tu: simu inasema mteja hapatikani. Kila iliposema hivyo nilimwona askari.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa anatengeneza plau chini ya mti wa mwarobaini.

"Mwangaluka, Mwenyekiti," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Zipora. Karibu. Au siku hizi nikuite mtu wa asili?"

"Acha utani, nina shida."

"Nikuulize kwanza. Wewe mtu wa asili, sawa. Mimi je? Mimi nilishushwa na helikopta? Babu zenu wamechukua ng'ombe wetu miaka yote, leo mnataka mpewe na cheti?"

"Na mashamba yenu yamefika mpaka mlangoni kwangu, nani aliwapa cheti?"

Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Alipoona sicheki, akanisogezea kiti. Nikamweleza maneno ya sokoni.

"Hata mimi nimeyasikia," akasema. "Kama ni kweli sijui. Muulize binti yako."

"Hapatikani."

"Basi subiri apatikane."

Ningemsikiliza Bujiku hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilimsihi. Nilimwambia mwenyekiti ni yeye, anijulishe kwa mtu yeyote anayejua mambo ya hiyo orodha. Akakuna kichwa, akasema yupo Deusdedit, afisa mahusiano wa kampuni, anayekuja kijijini kila Jumanne. Labda yeye anajua.

Jumanne nikaenda ofisi ya kijiji. Deusdedit ni kijana mpole, ana sauti ya mwalimu wa dini. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akanipa soda, akaniuliza habari za mifugo. Sikumtajia maneno ya Zuwena. Nilimwuliza tu: mtu ambaye jina lake limo kwenye karatasi za Geneva, akitaka kutoka, afanyeje?

Hakusema kwamba orodha ni ya kufuta watu. Wala hakusema siyo. Alisema hivi: "Mama, mimi siwezi kusema serikali itafanya nini. Ninachojua, mtu akiwa na wasiwasi, ni vizuri kuweka msimamo wake kwa maandishi. Ikitokea chochote, anaonyesha."

"Na mwanangu?"

"Hata kwa mwanao itasaidia. Itaonekana familia ni watu wa amani."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Akatoa karatasi nne zilizobanwa pamoja. Ya kwanza nikaisoma, ilikuwa majina, kitongoji, idadi ya watu wa kaya. Nasoma polepole, na mdomo wangu unacheza ninaposoma. Chumbani walikuwepo wanaume watatu, mmoja anatazama saa. Nikaona aibu. Nikafunua ya pili kwa haraka, ya tatu kwa haraka zaidi, nikafika ya nne penye mstari. Nikatia sahihi, nikaweka na dole gumba. Nilipotoka nje kifua kilikuwa chepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikasema moyoni, sasa mwanangu atashuka kwenye ndege salama.

Juma zima nilikaa hivyo. Kisha Jumatatu mchana simu ikalia, namba ndefu ya ajabu.

"Mama."

"Zipora! Uko wapi? Wamekukamata?"

"Nani anikamate? Niko kwenye mkutano, nimetoka nje ya ukumbi." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anayesoma. "Mama, nakuuliza, unijibu. Kampuni imeleta majibu yake kwa maandishi, wamegawiwa watu wote. Nyuma wameambatanisha karatasi. Inasema kaya yetu haina kaburi lolote la jadi mlimani, haijamtuma mtu yeyote kusema kwa niaba yake, na ushahidi wa mwezi wa tano ulichukuliwa kwa kushawishiwa. Kuna sahihi na dole gumba. Hii sahihi ni yako?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mama?"

"Ni yangu."

Nyuma yake watu walikuwa wanaongea lugha za huko.

"Walikutisha?"

"Hapana. Niliogopa mwenyewe." Nikamweleza. Zuwena, kitambulisho, askari wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nalia na kueleza pamoja, sijui alielewa kiasi gani.

Kisha akasema, "Mama, mkutano mzima huu ni kwa ajili ya watu kuulizwa. Mimi nimekaa hapa nasema hatukuulizwa. Na wao wanasoma kwamba mama yangu aliulizwa, akasema hakuna kitu."

"Nifanye nini?"

"Zamu yangu ya kusema ni keshokutwa, saa tano asubuhi ya huko nyumbani. Dakika tatu. Kama huna cha kunitumia, nitasema nilichonacho. Lakini sitasema uongo kwamba sahihi siyo yako." Akakata.

Nilikaa chini nje ya nyumba, simu mkononi. Ndipo nikasikia injini. Mwanzoni nilidhani ni lori la ng'ombe. Nikatazama juu, nikaona vumbi linapanda upande wa pili wa mlima, na mkono wa njano wa mtambo.

Nilipanda mbio, viatu nikaviacha njiani. Walikuwa wamefika kwenye vichaka vya chini ya kaburi. Deusdedit alikuwepo, kavaa kofia ngumu, pamoja na dereva wa mtambo, mwanaume wa makamo. Nikasimama mbele ya mtambo nikanyoosha mikono.

"Mama, toka hapo, ni hatari," Deusdedit akasema.

"Hapa pana mtu!"

"Mama yangu." Akafungua faili. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia baridi. "Wewe mwenyewe umesema hapana. Tumepata kibali kwa sababu ya karatasi hii."

"Sikuisoma."

"Umeandika umeisoma." Akakunja faili. "Haya, tufanye hivi. Kama kuna mtu amezikwa hapa, niambie ni nani. Nitaje jina lake kwenye simu kwa wakubwa, leo hii, wanisikie. Nani?"

Dereva akazima injini asikie. Nilifungua mdomo. Akina mama, nataka mjue nilijaribu. Nilimwona mzee kama nilivyomwona siku ya kwanza naletwa pale, amekaa na fimbo yake, nami nimefunika uso. Miaka ishirini na sita nimemwita "yule mkubwa". Nitaje jina lake nikiwa nimesimama kwenye kaburi lake, mbele ya wageni, kwa kuamriwa? Ulimi ulikataa.

"Unaona," Deusdedit akasema taratibu, kama anayenihurumia. Akampungia dereva. "Anza upande ule wa mashariki."

Bujiku ndiye aliyenivuta pembeni, alikuwa amekuja na watu kwa kusikia kelele. Mtambo ukang'ata. Udongo ukashuka na miti ya zamani ndani yake, myeusi. Saa kumi na moja wakaacha kwa sababu muda wa kazi ulikuwa umekwisha. Robo ya kaburi ilikuwa imekwenda.

"Mama Zipora," Bujiku akasema tukishuka, "wewe huruhusiwi kumtaja, sawa. Hana binti?"

Nikasimama njiani. Anaye. Wifi yangu, Generosa, ameolewa Buseresere, anauza dagaa. Binti anamtaja baba yake, hakuna wa kumzuia. Alikuwepo miezi yote tisa, mikono yake ndiyo iliyokanda samadi. Sikumfikiria hata mara moja, kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa nimefikiria hofu yangu tu. Tena wakati wapima wanakuja angeweza kuitwa kwa simu moja.

Nikampigia pale pale. Nilimweleza yote, na sahihi nikaitaja. Nilitegemea atanitukana, na alinitukana.

"Wifi, wewe ni mjinga."

"Ndiyo."

"Mjinga mkubwa. Umemuuza baba yangu kwa soda."

"Ndiyo, wifi."

"Nakuja."

Kesho yake kabla ya saa nne asubuhi alishuka kwenye bodaboda, amevaa vazi la ngozi la mama yake, vazi la heshima kwetu, chini ya kitenge. Hakunisalimia. Akatazama mlima, akauliza, "Wameanza?" Injini ikajibu yenyewe.

Tulipofika juu, Deusdedit alikuwa hajafika. Walikuwepo dereva na wasaidizi wawili tu. Generosa akaenda moja kwa moja mpaka palipokatwa, akachutama, akaokota kipande cha mti kwenye udongo, akakinusa. Kisha akaniambia, "Shika simu. Nirekodi."

Nikaishika kwa mikono miwili, nikarekodi. Akasimama akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe: "Mimi naitwa Generosa. Baba yangu yumo humu." Akamtaja. Nikafunika kichwa kwa khanga, simu nikaiacha nje. Akamtaja baba wa baba yake, na baba wa huyo, akaenda nyuma watu saba. Akasema mwaka, mwezi, nani alichimba, nani alileta mti upi. Akakinyoosha kile kipande kwenye simu. "Mti huu niliubeba mimi. Wifi yangu huyu anayenirekodi alikuwepo, alibeba maji. Karatasi aliyotia sahihi hakuisoma. Hamtaji baba yangu kwa sababu anamheshimu. Mlimwuliza mtu asiyeruhusiwa kujibu, kisha mkaandika kwamba hakuna jibu."

Dereva alikuwa ameshuka. Anaitwa Masele, nilikuja kujua baadaye. Akavua kofia.

"Mama," akamwambia Generosa, "mimi niliambiwa kichuguu."

"Sasa umeambiwa baba yangu."

Akatazama udongo alioutoa jana, akapangusa viganja vyake kwenye suruali. "Nimechimba dhahabu Nyarugusu miaka kumi na moja. Nimeingia duara, mashimo ya chini ambayo wenzangu hawakutoka. Kwenye mwili wa mtu hatuchimbi. Ukichimba hapo, kinachokufuata hukioni." Akawageukia wasaidizi. "Mimi sitii tena jino la mtambo hapa. Anayetaka, ufunguo huu."

Hakuna aliyeuchukua. Deusdedit alipofika alimkuta amekaa kivulini anakula mihogo. Walizozana sana. "Utafukuzwa kazi," akaambiwa. "Nifukuze," akasema Masele, "lakini panda wewe ukakate." Hakupanda.

Ile video nilimtumia Zipora nikiwa nimesimama hapo hapo. Alama za kufika zilichelewa mpaka nikadhani bando limekwisha. Kesho yake saa tano asubuhi nilikaa na Generosa ndani, simu katikati yetu. Saa saba Zipora akapiga.

"Nimesema," akasema. "Nilisema sahihi ni ya mama yangu, na kwamba kutia sahihi kwa woga kwenye karatasi usiyoisoma ndiyo hasa kitu ambacho tamko linakataza. Kisha wakaniruhusu niwaonyeshe video ya shangazi nusu dakika. Kuna mama mmoja kutoka nchi ya mbali sana alinifuata nje, akaniambia kwao pia makaburi yaliandikwa vilima."

"Wamesema nini, wakubwa?"

"Wataiandikia serikali kuuliza. Ni barua, mama. Siyo ukuta."

Barua hiyo ilikuja, tumeonyeshwa nakala. Kazi mlimani imesimamishwa mpaka mashauriano yafanyike, na mashauriano yenyewe yameahirishwa mara mbili. Masele alifukuzwa, amerudi Nyarugusu. Robo ya kaburi haipo, na mvua ya mwaka huu imekula zaidi pale palipokatwa, kwa sababu wazee wanasema haliwezi kuzibwa mpaka ukoo ukae, na ukoo uko Katavi.

Zipora alishuka kwenye ndege, hakupokelewa na askari. Vitambulisho vyetu vipo, laini zetu zipo. Yale maneno ya Nyasubi hayakuwa na mwenyewe, hata Zuwena hakukumbuka aliyemwambia. Lakini kila barua inapoandikwa bado najiuliza safari hii watatufanya nini. Mwanangu hajawahi kunifokea. Aliniuliza swali moja tu, siku aliyofika, akiwa bado ameshika begi: "Mama, kwa nini hukuningoja?" Anakuja nyumbani mara chache kuliko zamani, anasema ni kazi, na huenda ni kazi.

Basi, akina mama, haya ndiyo ya kuepuka. Nimeyaandika kama nilivyoyajua, siyo kwa mpangilio.

Usitie sahihi ukurasa wa mwisho kama hukusoma wa katikati. Ukisoma polepole, soma polepole. Wakitazama saa, waache watazame.

Usichukue habari ya mwanao kwa mtu mwingine kabla ya kumsikia mwenyewe. Simu isiyopatikana siyo habari.

Usikubali wapima wapite kama kwenye kaya hakuna mtu anayeruhusiwa kutaja majina ya makaburi. Waambie warudi. Mpigie binti wa ukoo, hata kama ameolewa mbali, hata kama mmegombana.

Usiondoke kabla hujasomewa walichoandika kwenye kishikwambi.

Usimwulize mtu wa kampuni namna ya kujikinga na mambo ya kampuni.

Usiweke dole gumba juu ya sahihi. Kimoja kinatosha, na wakitaka vyote viwili, uliza kwa nini.

Usikae na karatasi uliyoitia sahihi bila nakala yake.

Ukishakosea, usifiche. Piga simu siku hiyo hiyo, usingoje wiki.